Siku mbili Mombasa na mgeni asiyewahi kuiona bahari: nianzie wapi, saa ngapi?

Binti_Buxton

Salamu wenyeji wa Mvita.

Nampokea shangazi kutoka Kakamega, miaka 62, na mjukuu wake wa kiume wa miaka kumi. Hawajawahi kuiona bahari kwa macho. Wanashuka Miritini Ijumaa usiku kwa treni inayoondoka Nairobi saa tisa alasiri, na Jumapili wanaondoka na treni ya saa nne usiku. Kwa hiyo nina Jumamosi nzima na Jumapili mpaka jioni.

Mambo ya kuzingatia: goti la kulia la shangazi linamsumbua. Anatembea kama nusu saa kisha lazima akae. Ngazi anapanda, ila polepole. Gari hatuna, tutatumia tuk-tuk, matatu na teksi za simu. Tunakaa Buxton. Ijumaa hiyo itakuwa tarehe 14 ya mwezi wa Kiislamu, hivyo usiku kutakuwa na mbalamwezi.

Nilivyoandika mpaka sasa: Fort Jesus, Mji wa Kale, Pembe za Moi Avenue, Marikiti, Haller Park, ufuo wa Bamburi, feri ya Likoni, bustani ya Mama Ngina kando ya bahari, magofu ya Jumba la Mtwana, ufuo wa Diani. Najua vyote haviingii. Nikate nini, na vilivyobaki nivipange vipi?

---

Nahodha_wa_Tudor

Dada, kabla hujakata kitu, tazama maji. Hiyo tarehe 14 uliyoitaja kwa ajili ya mbalamwezi ndiyo itakayokupangia wikendi yote.

Mwezi mchanga na mwezi mpevu huleta bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana. Kwetu hapa tofauti kati ya kujaa na kupwa siku za bamvua hufika mita tatu na nusu, hata zaidi. Na siku hizo saa zake hazibadiliki sana mwaka mzima: maji hukauka kati ya saa nne na saa tano na nusu asubuhi, na hujaa kati ya saa kumi na saa kumi na moja na nusu alasiri. Kila siku husogea mbele kama dakika arubaini. Kwa hiyo Jumamosi yako kadiria kupwa saa nne na nusu asubuhi na kujaa saa kumi na nusu alasiri. Jumapili, saa tano na robo hivi, na saa kumi na moja na robo hivi. Hakikisha kwenye jedwali la maji siku mbili kabla, lakini hutakuta tofauti kubwa.

Kosa la wengi ni kumpeleka mgeni ufuoni asubuhi kwa sababu jua halijawa kali. Ukifanya hivyo siku za bamvua, mama wa watu atashuka akute mchanga wenye matope, mwani, madau yamelala ubavu, na mstari mweupe wa mawimbi mbali huko kwenye mwamba. Ameambiwa maisha yake yote kwamba bahari haina mwisho, kisha anaonyeshwa dimbwi. Bahari mwonyeshe ikiwa imejaa.

Basi panga hivi:

Jumamosi asubuhi, Fort Jesus na Mji wa Kale. Huko maji hayana neno. Saa sita mpaka saa tisa rudini nyumbani, mle, mlale. Usilichukulie jambo hili kama kupoteza muda. Mtu wa Kakamega amezoea hewa ya mwinuko wa zaidi ya mita 1,500, na joto la Mombasa lenye unyevu humchosha hata akiwa ameketi. Mgeni asiyepumzika mchana wa kwanza hana nguvu ya siku ya pili.

Jumamosi saa tisa na nusu, tuk-tuk hadi Likoni, mvuke kwa feri kwa miguu na kurudi. Anayevuka kwa miguu halipi. Goti la shangazi ndilo linalofanya saa hiyo iwe sawa: maji yakiwa juu, feri hukaa juu pia, na mteremko wa kuingilia huwa mfupi na wa kadiri. Maji yakipwa, mteremko huwa mkali na sehemu ya chini huwa na utelezi. Subirini pembeni mpaka kundi la kwanza liingie, kisha ingieni bila kusukumwa. Kijana mshike mkono wakati wa kushuka, maana watu na magari hutoka kwa pamoja. Simu ziwe mfukoni, kwa kuwa kupiga picha kwenye feri hakuruhusiwi. Kwenda na kurudi wekeni saa nzima.

Kutoka hapo Mama Ngina ni karibu sana kwa tuk-tuk. Mkifika saa kumi na moja, maji bado yako juu na mawimbi yanapiga mawe chini ya ukuta. Meli zinazoingia na kutoka Kilindini hupita kwenye mlango wa bahari mbele yenu, karibu kiasi cha kusoma jina ubavuni. Viti vipo tangu pale palipotengenezwa upya mwaka 2019, na mibuyu ya kivuli ipo. Jua likishatua nyuma ya mji, geukeni upande wa bahari msubiri: muda mfupi baadaye mwezi utatoka majini, mkubwa, mwekundu. Huo ndio wakati ambao shangazi atasimulia Kakamega. Wikendi isiyo na mwezi mpevu haina jambo hilo, kwa hiyo usikubali kitu chochote kikutoe hapo kabla ya saa moja usiku.

Jumapili asubuhi, Haller Park. Jioni, ufuo wa Bamburi, ambao uko jirani. Fikeni mchangani saa nane na nusu: maji yanaingia, na maji yanayoingia ni salama zaidi kwa asiyejua kuogelea kuliko yanayotoka, kwa sababu humrudisha pwani. Ikikaribia saa kumi na moja mchanga huwa mwembamba sana, basi ndio wakati wa kufunga safari.

Diani na Jumba la Mtwana kata. Pembe mtaziona mkipita.

---

Mkaazi_wa_Ukunda

Nahodha amepanga vizuri, ila kuhusu Diani niongeze neno. Tangu barabara ya Dongo Kundu ikamilike mwaka 2024, mtu akishuka Miritini anaweza kwenda Kusini bila kugusa feri wala kuingia kisiwani: Mwache, Mteza, hadi Kibundani, kisha Ukunda. Mgeni anayekuja kwa ajili ya mchanga na bahari tu, mwenye gari, aende moja kwa moja na akae huko siku zote mbili.

Lakini kulala Buxton, kwenda Diani na kurudi Jumapili bila gari, kisha kuwahi treni, hapana. Jumapili jioni magari ya wikendi yote hurudi pamoja na foleni ya Likoni haitabiriki. Mtu aliyekosa treni kwa sababu ya feri hana wa kumlalamikia.

---

Mlango_wa_Papa

Dada Binti, nami niseme kuhusu asubuhi ya Jumamosi, kwa sababu hapo ndipo watu huharibu.

Fort Jesus hufunguliwa saa mbili asubuhi. Muwe mlangoni saa mbili. Uwanja wa ndani hauna kivuli cha maana, na kuta za mawe ya matumbawe hurudisha joto usoni. Ikifika saa nne, mtu wa miaka 62 hasikilizi tena historia, atafuta pa kukaa. Vichochoro vya Mji wa Kale ni kinyume chake: nyumba ni ndefu na njia ni nyembamba, hivyo kivuli hubaki upande mmoja mpaka karibu saa sita. Ngome kwanza, mji baadaye. Wengi hugeuza.

Malipo ya kuingia ni kwa simu kupitia eCitizen, basi uwe na salio na chaji, na fungua akaunti yako usiku wa kuamkia. Pale langoni intaneti husumbua na foleni hukaa nyuma yako. Shangazi achukue kitambulisho, maana kiingilio cha Mkenya si sawa na cha mgeni wa nje.

Kuhusu waongozaji: nje watakuja wengi. Chukua mwenye beji, elewaneni bei yote kabla ya hatua ya kwanza, na useme wazi kama ni ngome peke yake au ngome na mji. Ugomvi wote hutokea hapo: wewe ulidhani ni moja, yeye alihesabu mbili. Ukitaka kuongoza mwenyewe, haya yanatosha kumshikisha mtu.

Wareno walianza kuijenga mwaka 1593 kwa mchoro wa Giovanni Battista Cairati, Mwitaliano aliyewatumikia. Waarabu wa Oman waliizingira kuanzia Machi 1696 mpaka Desemba 1698, karibu miezi 33, na waliokufa ndani kwa njaa na maradhi ni wengi kuliko waliokufa kwa risasi. Mwambie kijana hilo mkiwa juu ya ukuta mkitazama bahari, ili aelewe kwa nini watu walikaa wakitazama upeo wakisubiri meli. Kisha mpeleke kwenye chumba cha makumbusho chenye vitu vilivyotolewa kwenye San Antonio de Tanna, meli ya Kireno iliyozama hapo hapo mbele ya ngome mwaka 1697 katika mzingiro huo huo. Mtoto akiona chungu kilichokaa chini ya maji karibu miaka 300, hahitaji maelezo mengine. Waingereza nao waliifanya jela tangu 1895 hadi 1958. UNESCO iliiweka kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2011.

Kwa goti: njia ya kuingilia ni mpando wa polepole, si ngazi. Sakafu ndani haiko sawa, avae viatu vya kufunga, si malapa. Ile njia ya ngazi inayoteremka kuelekea upande wa bahari, aiache. Aende kijana na wewe, yeye akae kivulini. Nyumba ya Waomani ina ngazi chache na inastahili, kwa upepo wake na kwa mandhari ya Mji wa Kale kutoka juu. Saa moja na nusu inatosha.

Saa nne kasoro robo tokeni, mshike Mbarak Hinawy Road. Ni tambarare. Mtapita Msikiti wa Mandhry, wa mwaka 1570, wenye mnara wa koni usiofanana na minara mingine mjini. Kutazama nje kunatosha. Kuingia ni kwa ruhusa. Endeleeni hadi uwanja wa Bandari ya Zamani, ambapo majahazi yalikuwa yakija na upepo wa kaskazi na kuondoka na upepo wa kusi. Pale bandarini uliza kabla ya kutoa simu kwa picha. Rudini kwa Ndia Kuu, polepole, mkiangalia milango ya nakshi na roshani. Jumla yake haifiki kilomita moja na nusu, lakini kwa goti hilo igawe mara tatu, kila kipande kiishie kwenye baraza au mkahawa.

Mavazi: bega na goti vifunikwe, kwa kijana pia suruali ndefu au kaptula ya chini ya goti. Hao ni watu kwenye milango ya nyumba zao. Shangazi asalimie, atajibiwa, na baraza lolote lenye mama ameketi litampokea. Picha za watu, kwa idhini tu.

---

Mama_Mapishi_Bondeni

Mmepanga miguu yote ila tumbo hamjalitaja. Mwanangu, mgeni wa bara haijui Mombasa mpaka ale, na kula kuna saa zake.

Mahamri na mbaazi ni chakula cha asubuhi. Yataka kuliwa kati ya saa moja na saa tatu. Baada ya hapo hamri limekuwa gumu na mbaazi ni za chini ya sufuria. Kwa kuwa saa mbili mko ngomeni, kuleni saa moja huko huko Mji wa Kale, upande wa Kibokoni. Hamri zuri ukilipasua ndani ni tupu, lanukia iliki, na ukilibana vidole havilowi mafuta. Mbaazi ziwe na tui zito lililoshika, si mchuzi unaotembea kwenye sahani. Mahamri mawili au matatu kwa mtu yatosha, kwa sababu tui ni zito. Mtu asiyezoea nazi akila sana asubuhi na kutembea juani, atasumbuka. Hilo ndilo kosa la kwanza la wenyeji: kumjaza mgeni.

La pili ni madafu. Dafu moja huburudisha. Matatu juu ya tumbo lisilozoea humfungulia mtu choo, na choo kizuri mjini hakipatikani kila pembe. Moja Jumamosi, moja Jumapili. Maji ya kunywa yawe ya chupa. Ya bomba na visima vingi vya mjini yana chumvi. Maji ya ukwaju na sharubati anywe pale ambapo waona yanatengenezwa kwa maji safi, na barafu aiache.

Mchana wa Jumamosi mpe biriani. Mweleze kabla: kwetu wali huja mbali na rojo, si kama pilau inayopikwa pamoja. Asiikoroge yote; achote wali, aweke rojo kidogo kidogo. Usiagize sahani tatu. Mbili zawatosha watu wazima wawili na mtoto.

Jioni pale Mama Ngina ndipo pa vitafunio. Mihogo ya kukaanga iliyokatwa vipande vyembamba, pilipili na ndimu. Viazi karai, yaani kiazi kizima kilichochemshwa kikavishwa unga wa rangi kikakaangwa, huliwa na ukwaju. Chagua anayekaanga sasa hivi, si aliyerundika. Mafuta yakiwa meusi pita. Mwambie muuzaji pilipili iwekwe pembeni. Pilipili yetu kwa mtoto wa bara si mchezo. Mabuyu mekundu kijana atayapenda, ila rangi yake haitoki kwenye shati jeupe.

Baada ya mwezi kutoka, kahawa tungu. Humiminwa kutoka kwenye dele, yaani birika lake, lililokaa juu ya makaa, ndani ya finjani ndogo, haina sukari, ina tangawizi. Shangazi akiionja peke yake ataikunja uso. Mpe kashata au halua kwanza, aume kidogo, kisha apige funda. Utamu huo na uchungu huo vimefanywa viwe pamoja. Ila finjani mbili zamtosha, la sivyo hatalala.

Samaki: mtu wa Kakamega amekula samaki wa ziwa maisha yake yote, basi mwonjeshe changu au tafi wa kupaka, mzima, aliyechomwa kisha akapakwa rojo la tui, kitunguu saumu, bizari na ndimu. Acha hiyo iwe chakula cha mchana Jumapili. Agiza mapema, kwa sababu samaki wa kupaka wa kweli huchukua dakika arubaini au zaidi. Anayekuletea baada ya dakika kumi amempasha tu. Na kama ni miezi ya kusi, bahari ikichafuka wavuvi wadogo hawatoki, samaki huadimika na bei hupanda. Uliza bei ya samaki huyo mwenyewe, kwa ukubwa wake, kabla hajaingia jikoni.

---

Binti_Buxton

Ahsanteni sana, nyote. Nimekata Diani na Jumba la Mtwana. Maswali matatu yaliyobaki: mvua ikinyesha Jumamosi nifanye nini? Nauli za tuk-tuk nizishike vipi? Na Jumapili nitoke saa ngapi ili tusigombane na treni?

---

Nahodha_wa_Tudor

Mvua: ya Mombasa mara nyingi hupiga kwa nguvu nusu saa ikapita, isipokuwa wakati wa masika, Aprili na Mei, inaponyesha siku nzima na barabara kufurika. Ikipiga asubuhi, mnaweza kungojea ndani ya vyumba vya makumbusho pale ngomeni. Kitu kimoja tu usifanye: kuogelea ufuoni siku ileile ya mvua kubwa, karibu na pale mifereji inapomwaga maji ya mji baharini. Siku hiyo kaeni mchangani.

Tuk-tuk: swali lako la kwanza lisiwe "pesa ngapi", liwe "ni ya kichwa au nakodi?" Zipo zinazobeba abiria watatu kwa njia maalumu kila mtu akilipa kiti chake, na zipo za kukodi. Mkiwa watatu mwaijaza, kwa hiyo dereva wa kichwa atawachukua moja kwa moja kwa bei nafuu kuliko ya kukodi. Uwe na noti ndogo. Angalia bei ya teksi ya simu kwenye programu kwanza, hata kama hutaipanda, upate kipimo.

Jumapili: matatu za Bamburi na Mtwapa hupita Buxton. Pandeni saa tatu na nusu. Mkishavuka Nyali Bridge mtafika Kengeleni. Mwonyeshe shangazi dirishani kengele iliyopapa jina mahali pale. Hapo ndipo Freretown, kijiji ambacho Wamisheni wa Kianglikana walikianzisha mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliokombolewa kutoka majahazi ya watumwa.

Haller Park fikeni saa nne. Twiga hulishwa saa tano asubuhi na saa tisa alasiri, na wageni huruhusiwa kuwapa chakula kwa mkono. Nanyi mtawahi ile ya saa tano. Njia ni tambarare, kivuli kingi, viti vipo. Mwambie kijana mahali anapokanyaga palikuwa shimo la kuchimba mawe ya saruji, jangwa la matumbawe tupu, mpaka René Haller alipoanza kupanda mivinje mwaka 1971. Majani yake yaliyoanguka, yakiliwa na majongoo, ndiyo yaliyotengeneza udongo wa kwanza. Jongoo wa kwetu huyu huyu mweusi. Tokeni saa sita, kuleni huyo samaki wa Mama Mapishi, saa nane na nusu mchangani.

Ufuoni Pirates, sehemu ya ufuo huo wa Bamburi, Jumapili hujaa watu. Mambo manne. Ngamia, farasi na picha: bei kwanza, na useme kwa dakika ngapi. Maboya ya matairi hukodishwa. Kijana asikae juu yake bila mtu mzima kulishika, kwa kuwa upepo hulisukuma haraka kuliko mtu anavyoogelea. Asiyejua kuogelea asipite maji ya kiunoni, na kwa mtoto kiuno chake yeye, si chako. Na asiyewahi kuingia maji ya chumvi mwambie mapema asifikiche macho yakiwasha. Yasuuzwe kwa maji ya chupa yasiyo na chumvi, ndiyo sababu ubebe lita moja ya ziada.

Saa kumi na nusu anzeni kutoka. Nyali Bridge jioni ya Jumapili huwa na msongamano.

---

Mwuza_Leso_Mstaafu

Jumamosi kati ya Mji wa Kale na chakula cha mchana mna kama saa moja. Tumieni hapo kwa Marikiti na Biashara Street, msingoje Jumapili, kwani maduka mengi ya nguo hufunga au hufungua nusu siku. Kutoka hapo mpite kwa tuk-tuk chini ya Pembe. Ni nne, za aluminiamu, na dakika mbili zatosha kuona zinavyofanya herufi M.

Marikiti, soko la tangu 1914, nunua viungo vizima: iliki, karafuu, dalasini ya vijiti, pilipili manga. Vilivyosagwa huwezi kujua vimechanganywa na nini. Zafarani ijaribu kwenye maji ya uvuguvugu: ya kweli hutoa rangi ya manjano polepole na uzi wake hubaki mwekundu, ya rangi huachia nyekundu mara moja na uzi ukabaki mweupe.

Leso huuzwa doti, vipande viwili vilivyoshikana. Mwenye duka akikuuzia, mwombe fundi aliye mlangoni akate na kupinda papo hapo, ni kazi ya dakika chache. Kabla ya kulipa soma jina, yaani maandishi yaliyo juu ya pindo la chini. Leso nyingi zina vijembe vya mitaani na shangazi ataivaa kanisani na kwenye misiba kwao, akisomwa na kila mtu. Mtafutie ya dua au ya shukrani. Kagua pia kama mji, yaani chapa ya kati ya leso, umekaa katikati na pindo ziko sawa pande zote. Chapa ikipinda hainyosheki tena. Mara ya kwanza aifue peke yake kwa maji ya chumvi, kwa sababu rangi hutoka.

Halua mnunue hapo hapo. Hudumu wiki nyingi bila friji. Ila omba iwekwe kwenye bakuli la plastiki lenye kifuniko, si karatasi. Pale Miritini mizigo hupangwa chini ikanuswa na mbwa, kisha hupita kwenye mashine, na halua ya karatasi hufika Kakamega ikiwa imekuwa shuka. Mbuzi ya nazi au kisu msinunue kama mwapanda treni, kwani chenye makali hakipiti.

Treni ikiwa saa nne usiku, muwe stesheni saa mbili na nusu. Kutoka Buxton tokeni saa moja na nusu, maana malori ya Changamwe hayajui Jumapili. Kitambulisho kiwe mkononi pamoja na namba ya tiketi, ili aichapishe kwenye mashine kabla ya foleni ya ukaguzi.